Mashimo ya Mzee Yacouba: Waislamu wa Sahel Walivyoifufua Ardhi Iliyokufa



Ndugu msomaji, kila mwaka mwezi huu mtukufu ukiingia, makala zetu za historia hukupeleka Badr, hukupeleka Makka siku ilipofunguliwa, na wakati wa kurudi ukapitishwa Andalusia. Ni sawa, wala sisemi tuache. Lakini leo naomba tuchepuke kidogo twende Afrika Magharibi, kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya, jimbo la Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso. Silaha za historia hii ni jembe, samadi na mchwa. Ndiyo, mchwa, hawa hawa wanaotula milango majumbani.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jangwa lenyewe. Wengi wetu tukisikia kwamba jangwa linaenea, twafikiria mchanga wa Sahara unatembea kama jeshi kuja kumeza vijiji. Picha hiyo ilikuwa vichwani mwa wengi hata mwaka 1977, Umoja wa Mataifa ulipoitisha hapa hapa Nairobi mkutano wake mkubwa kuhusu kuenea kwa jangwa. Lakini mara nyingi ardhi hufia pale pale ilipo. Miti inakatwa, nyasi zinaliwa hadi mizizi, jua linauchoma udongo mpaka unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Mvua ikinyesha maji hayazami. Yanateleza juu juu na kuondoka na ule udongo mzuri, mwaka hata mwaka, mpaka inabaki ardhi uchi isiyoota kitu. Wamossi wa Yatenga wana jina lao kwa ardhi ya namna hii, wanaiita zipelle. Mtu wa Garissa au Tana River hahitaji kuelezwa, aijua kwa macho.

Huko Sahel ukame mkubwa ulianza 1968 na kubana hadi 1973, kisha ukarudi kwa nguvu katika miaka ya 1980. Mifugo ilikufa kwa mamia ya maelfu. Katika Yatenga, maji ya visima yalikuwa yakishuka baina ya nusu mita na mita nzima kila mwaka. Vijana wakafunga mizigo wakaelekea Kodivaa kutafuta vibarua kwenye mashamba ya kakao, na vijiji vikabaki na wazee, wanawake na watoto.

Sasa katika hali hiyo ndipo anapotokea mtu wetu. Yacouba Sawadogo alizaliwa Gourga mwaka 1946. Akiwa mtoto mdogo wazazi wake walimpeleka Mali, chuoni, kusoma Qur'ani. Wewe uliyepitia chuo waijua habari hiyo: mtoto anatoka kwao, analala kwa mwalimu, anakula kinachopatikana. Shule ya serikali hakuisoma kabisa. Alipokuwa mkubwa alirudi kwao akafungua biashara sokoni Ouahigouya, na biashara ikawa yaenda. Halafu, kiasi cha mwaka 1980, wakati kila mwenye nguvu anaikimbia shamba, yeye akaacha kibanda chake mjini akarudi kulima. Kulima nini, na wapi? Pale pale kwenye zipelle.

Wakulima wa Yatenga walikuwa na desturi ya zamani ya kuchimba vishimo vidogo katika ardhi ngumu, wakiviita zaï. Kwa muda mrefu desturi hiyo ilikuwa karibu kusahaulika. Yacouba hakuichukua vile vile ilivyokuwa. Alivipanua vile vishimo na kuongeza kina, upana wa sentimita 20 hadi 30 hivi, halafu akatia ndani samadi na majani makavu, na yote hayo akayafanya kiangazi kikali kabla mvua haijaanza. Hapo ndipo mchwa wanapoingia. Samadi iliwavuta, nao wakaja wakaila, na katika kuila wakatoboa vijia chini ya udongo ule uliokuwa kama saruji. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji ambayo miaka yote yalikuwa yakipita yakaingia shimoni, yakaingia katika vijia vya mchwa, yakabaki. Mtama na mawele vikaota mahali ambapo hapakuwa na hata magugu.

Yeye mwenyewe akaona jambo jingine ambalo hakulipanga. Katika ile samadi mlikuwa na mbegu za miti zilizopita matumboni mwa mifugo. Zikaota pamoja na mtama. Mkulima wa kawaida angezing'oa. Yacouba akaziacha, kisha akaanza kuzitunza kwa makusudi, kwa sababu aliona nafaka iliyo karibu na mti inafanya vizuri zaidi. Hivyo shamba likageuka msitu polepole, na baada ya miaka mingi ukawa ni msitu wa hekta zaidi ya 25 wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka, mingi ikiwa ni ya dawa. Wagonjwa wakawa wanakuja Gourga kutafuta mizizi na magome.

Usidhani walimpigia makofi. Walisema ana wazimu. Desturi ilikuwa shamba hugusiwi mpaka mvua inyeshe, na huyu anachimba kiangazi, juani, ardhi ambayo kila mtu ajua imekufa. Wazee walikasirika, wakaona anavunja mila. Ikafika mahali watu wakampelekea moto, miti yake na mazao yake yakaungua. Naye hakuhama wala hakulipiza. Akapanda tena.

Hebu fikiria kazi yenyewe ilivyo. Hekta moja ya zaï ni mashimo elfu kumi na zaidi, na kuyachimba ni saa mia tatu au zaidi za jembe. Mashimo hayo huchimbwa kiangazi, kati ya Novemba na Mei, na joto la Aprili huko hupita nyuzi 40. Sasa chukua kalenda. Ramadhani ya 1990 iliingia mwishoni mwa Machi, ya 1995 ikaingia mwanzo wa Februari. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano mfululizo mwezi wa swaumu ulikuwa unaangukia katika msimu wa kuchimba mashimo, na watu wengi wa Yatenga ni Waislamu. Aliyechimba mwezi huo alichimba na funga yake. Sisi siku hizi tukifunga twaomba hata ratiba ya mitihani isogezwe.

Lakini sababu hasa ya mimi kuandika habari zake ni alichofanya baada ya kufaulu. Elimu hii angeweza kuificha. Kuanzia mwaka 1984 alianza kuitisha siku za soko kwake Gourga, mara mbili kwa mwaka. Moja baada ya mavuno, ambapo wakulima walikuja na mifano ya mazao waliyopata kwenye mashimo, na nyingine kabla ya msimu wa mvua, ambapo walikuja kuchagua mbegu. Walikuja kutoka vijiji zaidi ya mia moja. Wanaulizana, wanabishana, wanabadilishana mbegu, wanarudi kwao. Hapakuwa na semina ya hotelini wala posho ya kikao. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo darsa.

Wakati huo huo Yatenga kulikuwa na wengine waliokuwa wakishughulikia mawe. Shirika la Oxfam lilikuwa na mradi wa kilimo cha miti uliomalizikia kufanya kile wakulima wenyewe walichotaka zaidi, yaani kupanga mawe kwa mistari kufuata usawa wa ardhi, ili maji ya mvua yapunguze mwendo na kuangusha udongo yanaobeba. Tatizo lilikuwa kuupata huo usawa. Kwa macho huwezi, ardhi yenyewe ni kama tambarare. Walitumia mpira mwembamba wa plastiki uliotiwa maji, ukishikwa huku na huku kwenye vijiti viwili vyenye alama. Maji ndani ya mpira hayadanganyi. Mkulima asiyejua kusoma alifundishwa siku mbili tatu akawa fundi. Mistari ya mawe na mashimo ya zaï vilipokutana katika shamba moja, kazi ikakamilika. Inakadiriwa kwamba katika uwanda wa kati wa Burkina Faso zaidi ya hekta 200,000 zilirudishwa uhai kwa njia hizi, na katika vijiji kadhaa maji ya visima yakapanda tena.

Kisha habari ikavuka mpaka. Mwaka 1989 wakulima 13 kutoka Illéla, katika mkoa wa Tahoua nchini Niger, walipelekwa Yatenga kwenda kutazama. Waliporudi kwao wachache walijaribu, nao Wahausa wakayaita mashimo hayo tassa. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa haba, na mashamba yaliyovuna ni yale ya tassa. Basi. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Ikafika hadi watu wakaanza kununua ardhi iliyokufa, ile ambayo hapo awali hukupewa hata bure ukaikubali.

Mashariki zaidi, huko Maradi, jambo hilo lilikuwa na sura nyingine, na hapa lazima tuseme haki hata kama mhusika si wa dini yetu. Tony Rinaudo, Mwaustralia, mmisionari wa Kikristo, alikuwa huko tangu mwanzo wa miaka ya 1980 akipanda miche, na miche ikifa. Siku moja mwaka 1983 alisimamisha gari njiani kupunguza upepo wa magurudumu kwa sababu ya mchanga, akakitazama vizuri kichaka kimoja kando ya njia. Kumbe si kichaka. Ni mti uliokatwa, kisiki kinachochipua. Akatazama uwanda wote, na visiki ni vingi mno. Msitu ulikuwepo chini ya ardhi, mizizi hai, ila kila mwaka wakulima wanafyeka machipukizi wakati wa kusafisha shamba.

Dawa ikawa rahisi hata ya kuchekesha. Kisiki kikichipua vijiti ishirini, unachagua vitatu mpaka vitano vilivyonyooka, unakata vilivyobaki, unakata na matawi ya chini, unakilinda. Hununui mche wala humwagilii maji, kwa kuwa mizizi ilishashuka zamani. Wakulima waliupenda zaidi ule mti wa jamii ya mgunga ambao Wahausa huuita gao. Ajabu yake ni kwamba hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, kwa hiyo mazao hayakosi jua, na mbuzi hawakosi kivuli wala maganda ya kula. Kufikia miaka ya 2000, picha za setilaiti na uchunguzi wa mashambani zilionyesha hekta zipatazo milioni 5 kusini mwa Niger, katika Maradi na Zinder, zimejaa miti upya. Makadirio ni miti milioni 200. Wakulima walioifanya kazi hiyo karibu wote ni Waislamu, na majina yao hayamo katika kitabu chochote utakachofungua.

Lakini jiulize, kwa nini walikuwa wanafyeka hapo kwanza? Je, walikuwa wajinga? La hasha. Sheria za misitu walizoziacha Wafaransa zilifanya miti kuwa mali ya serikali, hata ule ulioota katikati ya shamba lako. Ukiukata bila kibali, askari wa misitu anakutoza faini. Basi mwenye akili aliung'oa ungali mdogo, kabla haujawa mali ya mtu mwingine. Ni pale ambapo katika miaka ya 1980 askari hao walilegeza mkono, na watu wakaanza kuuhesabu mti wa shambani kuwa wao, ndipo visiki vilipopata nafasi. Mtu halindi kitu ambacho kesho atanyang'anywa.

Na hili, msomaji, sisi tulifundishwa zamani sana. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo huwa ni yake. Mafuqaha wana mlango mzima juu ya jambo hili, ihya al-mawat, wanajadili ni kazi gani hasa inahesabika kuwa ni kuhuisha. Vilevile kuna hima, yaani eneo la malisho linalohifadhiwa kwa maslahi ya wote. Kabla ya Uislamu hima ilikuwa ni ya mabwana wakubwa kujitengea wao na ngamia wao. Mtume (S.A.W.) akaliondoa hilo, akaweka hima ya an-Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Ukitaka kuiona maana yake tazama alivyofanya Sayyidna Umar (R.A.). Katika ukhalifa wake alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, Hunayy, kuwa msimamizi wa hima. Akamwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie mifugo wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Hebu soma tena majina hayo! Hawa ni masahaba wakubwa miongoni mwa waliobashiriwa Pepo. Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri hao mifugo wao wakifa bado wana mitende na mashamba ya kurudia, ama maskini wanyama wake wachache wakifa atakuja na watoto wake kwa khalifa kulia. Akamtahadharisha pia na dua ya mwenye kudhulumiwa. Imo katika Sahihi Bukhari. Kiongozi wa leo akiweza kusema vile kuhusu ng'ombe wa mheshimiwa, nambie.

Huku kwetu Kenya tunayo yetu, mabaya na mazuri. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba Machakos inageuka jangwa. Makosa makubwa walimtwika Mkamba na ng'ombe wake, na kule kubanwa katika rizavu hakukutajwa sana. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwanyang'anya mifugo kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu wakatembea mpaka Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni, na mahali alikopelekwa ni Lamu. Watu wa Lamu, mwaijua hiyo? Lakini unyang'anyi ule wa mifugo ulisimamishwa.

Na ardhi je? Ardhi ile ile iliyoandikiwa kufa, baadaye Wakamba wenyewe, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, waliichimba matuta mlima kwa mlima. Walichagua namna yao: unachimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, na udongo unautupa upande wa juu. Hiyo huitwa fanya juu, na ni fahari kwetu kwamba wataalamu wa udongo duniani wanaitumia kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Kutoka 1932 hadi 1990 watu wa eneo hilo waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi kukaribia milioni 1.4, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuongezeka. Wakati wa mjeledi matuta yalichimbwa kwa kisirani. Mkulima alipoona mavuno ni yake, alichimba bila kusukumwa.

Kinyume chake ni mathenge. Mti huu uliletwa nchini katika miaka ya 1970 na kupandwa Baringo na Tana River mwanzoni mwa miaka ya 1980, eti kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema. Leo umefunga njia, umemeza malisho, miiba yake inatoboa magurudumu, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Jamii ya Ilchamus ilikwenda mahakamani kuhusu jambo hilo katika miaka ya 2000, na mbuzi asiye na meno akaletwa Nairobi awe ushahidi. Watu walicheka magazetini. Mwenye mbuzi hakucheka.

Na sasa? Tumetoka katika misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022. Tuliswali Swala ya Istisqaa mara ngapi? Mwisho wa 2023 mvua ikaja, ikawa mafuriko, maji yakapita juu ya ardhi ile ngumu kama sakafu yakaishia baharini pamoja na udongo. Tuliyaomba, yakaja, hatukuwa na shimo la kuyapokea. Serikali imetangaza lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu ya kupanda. Ni jambo la kheri. Ila kwa sehemu kavu naona swali la kwanza lingekuwa kuhusu visiki tulivyonavyo tayari. Jirani zetu wa Dodoma wameanza, na njia yenyewe wameipa jina zuri, kisiki hai. Na huko Kuku, Kajiado, kina mama wa Kimaasai wanachimba mitaro ya nusu duara inayokamata maji ya mvua, nyasi zinaota ndani yake.

Turudi kwa Mzee Yacouba, maana hadithi yake haikuishia kwenye makofi. Mji wa Ouahigouya ulipanuka, na viwanja vikaanza kupimwa ndani ya msitu aliouotesha yeye. Kwa sheria ya karatasi ardhi ile haikuwa yake. Miaka aliyotumia kuifufua haikuandikwa popote, na ikawa anatafuta pesa za kununua kilichotoka katika jasho lake. Wakati huo huo, tangu 2015, Burkina Faso imekumbwa na vita vya watu wanaodai wanaupigania Uislamu. Vijiji vya kaskazini vimehamwa, wakulima wamekimbia mashamba yao, pamoja na yale ya mashimo na mistari ya mawe. Wallahi sijui mtu wa namna hiyo atamjibu nini Mola wake, amemfukuza Muislamu mwenzake katika ardhi aliyoihuisha kwa mikono yake, na Mtume wetu ametufundisha kwamba kila ndege anayekula katika mti aliopanda Muislamu, huyo mwenye kupanda huandikiwa sadaka.

Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood ya huko Sweden, pamoja na yule Rinaudo wa visiki, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtunuku kuwa mmoja wa mabingwa wake wa mazingira. Makao ya shirika lililompa tuzo hiyo ya pili yako Gigiri, Nairobi. Mzee alifariki tarehe 3 Desemba 2023, akiwa na miaka 77. Allah amrehemu na amuweke mahali pema. Kwao Gourga Desemba ni kiangazi, wakati ambapo mashimo ya mwaka unaofuata yameshaanza kuchimbwa.